Marehemu wa Kundi O Hasi

Marehemu alipokea simu.

Namba ya mtu aliyezikwa kijijini Kaagya, akaombewa misa, akasimikiwa msalaba, ilipigwa asubuhi kweupe kutoka hospitali moja ya Muleba. Ikaita. Ikapokelewa.

Sauti ya mwanamume, ya upole kabisa, ikasema, "Rutaihwa alishazikwa. Mwacheni." Halafu ikakata.

Muuguzi aliyepiga anaitwa Immakulata. Aliiweka simu mezani taratibu, akatoka nje kwenda kunawa uso.

Sasa kabla hujasema nimeandika haya nikiwa nimelewa rubisi, tulia kwanza. Hayakunipata mimi. Yalimpata Dativa, jirani yangu wa hapa Hamugembe. Tumepakana migomba, na haya yote amenisimulia mwenyewe jikoni kwangu, tunamenya ndizi. Kaniruhusu niyaandike, ila jina la hospitali kasema nilifiche.

Dativa ni mtu wa kompyuta. Si wale wa kufungua printa iliyomeza karatasi, hapana. Yeye ni wa kanzidata, yale maghala makubwa ambamo taarifa za watu zinakaa, ukiuliza swali zinakujibu. Sisi Wahaya tunajijua, kila nyumba ina nshomile wake, msomi wa majigambo, lakini huyu kasoma kweli na hapigi kelele.

Alikuwa anasimamia ghala la wachangia damu la ofisi ya Bukoba na la pale hospitalini Muleba. Watu wale wale, taarifa zile zile, ila mashine mbili za aina mbili. Majina ya aina zenyewe nayaacha, mimi si wakala wa mauzo.

Siku hiyo hakwenda Muleba kikazi. Alikwenda kwa sababu ya mdogo wake, Annastella.

Annastella alikuwa na mimba kubwa na kondo la nyuma limekaa pabaya. Alfajiri alianza kutoka damu. Daktari akasema lazima apasuliwe leo, tena mapema, ila hamgusi mpaka awe na chupa mbili za O hasi mkononi.

O hasi ni adimu huku kwetu. Na yeye hakuweza kupewa damu nyingine, kwa sababu mimba yake ya kwanza iliharibika, na toka hapo mwili wake ulijifunza kuikataa damu ya watu wengi. Dativa mwenyewe ni O chanya. Alipima mara mbili akiwa na tumaini la kijinga kwamba mashine imekosea.

Chupa moja ilipatikana Bukoba, ikawa njiani. Ya pili haikuwepo popote. Mwesiga, mume wa Annastella, alikuwa kwenye korido anapigia simu kila mtu aliyewahi kusalimiana naye.

"Dada," Annastella akasema, midomo imekauka. "Ile mashine yako haijui mtu?"

Dativa akaenda ofisi ya damu.

Pale akamkuta Immakulata na uso uliolowa maji.

"Da Dativa, usiulize O hasi," Immakulata akasema. "Ukiuliza, atakuja."

"Nani atakuja?"

"Rutaihwa. Yule marehemu wa Kaagya. Mwaka jana tulimpigia aje achangie, hakupatikana, tukampigia mwenyekiti wa kitongoji, akasema amekufa ziwani na wameshazika. Ukamfuta wewe mwenyewe. Sasa nikiomba majina ya wachangiaji wote, hayupo. Nikiomba O hasi, yupo. Nikibonyeza jina lake nimfungue, mashine inasema hakuna mtu kama huyo. Nikirudi nyuma, yupo."

"Na Bukoba?"

"Bukoba hayupo kabisa. Anatokea huku tu. Leo nimesema liwalo na liwe, nikapiga namba yake." Akafuta maji usoni. "Imepokelewa."

Dativa hakucheka. Alikaa akauliza swali: O hasi, jina na simu.

Clavery Rutaihwa, na namba yake ya simu.

Chini yake lilikuwepo jina la pili. Dativa aliliona, akaweka kiganja juu ya kioo akalifunika.

"Na huyo wa pili?" Immakulata akauliza.

"Huyo namjua. Huyo hatakuja."

Ngoja nikueleze kilichokuwa kinatokea, maana bila hiyo utadhani ni uchawi mtupu. Dativa alinieleza na mimi nikaelewa, na hesabu nilipata sifuri.

Chukua kijiji. Unamtafuta mtu. Njia ya kwanza ni kupita kibanja kwa kibanja, hodi hodi, mpaka umpate. Njia ya pili ni kumuuliza yule mama muuza karanga wa njia panda, anayejua kila mtu anakaa wapi. Anakuambia nenda nyumba ile, unakwenda moja kwa moja.

Yule mama ndiye faharasa. Wenyewe wa kompyuta wanamwita indeksi.

Mashine ndiyo inayochagua. Ukiuliza jambo linalogusa watu wengi, inaona nafuu ipite nyumba zote. Ukiuliza jambo la wachache, kama O hasi, inakwenda kwa mama wa njia panda.

Tofauti ilikuwa hapa. Mama wa Bukoba alifundishwa kujua kundi la damu na namba ya mtu tu. Jina na simu ni lazima ukavichukue nyumbani kwa mwenyewe, kwa hiyo ukitumwa kwa marehemu unakuta nyumba haipo, mambo yanaishia hapo.

Mama wa Muleba alijua zaidi. Alijua kundi, jina na simu. Na mashine ile ya Muleba ina tabia moja: kama mtaa umewekewa alama kwamba hakuna kilichobadilika, na swali lako mama analijua lote, anakujibu palepale. Hakuna anayekwenda kupiga hodi.

Ile siku Dativa alipofuta majina ya waliokufa, umeme ulikatika na betri ya akiba ilikuwa mbovu. Mashine ikazimika ghafla. Ilipowaka, watu walikuwa wamefutika, lakini ule mtaa ukabaki na alama yake ya zamani: hakuna kilichobadilika. Hata usafi wa kawaida wa mashine ulikuwa ukiona alama hiyo unaupita.

Basi mama wa njia panda akaendelea kumtaja marehemu kila alipoulizwa.

"Kwa hiyo si mzimu," Immakulata akasema, anataka sana iwe hivyo.

"Si mzimu. Ni faharasa."

"Sawa. Na aliyepokea simu ni nani?"

Dativa akachukua simu, akampigia mkuu wake.

Mkuu wake, Josia, alikuwa Bukoba. Alipoelezwa kwa simu alikuwa mkali. "Dativa, jenga upya hiyo faharasa sasa hivi huo ushirikina uishe. Wauguzi wanaogopa kompyuta, ni aibu!"

Amri yenyewe ya kompyuta ni fupi tu. Dativa aliiandika yote. Kidole kikawa juu ya kitufe.

Akibonyeza, mashine inapita nyumba kwa nyumba, inamfundisha mama upya, na jina la Rutaihwa na simu yake vinapotea duniani. Kingine chochote cha mtu huyo kilishafutwa, na kilifutwa na mkono wake yeye.

Akakumbuka ile sauti aliyoisimulia Immakulata. Mtu anayo simu ya marehemu. Huenda ni ndugu yake, na damu za ndugu hufanana. Kama Rutaihwa alikuwa O hasi, mdogo wake au kaka yake anaweza kuwa O hasi pia.

Akaifuta amri.

Akapiga ile namba. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikawa vile vile. Akaandika ujumbe, haukujibiwa.

"Nakwenda Kaagya," akamwambia Mwesiga.

"Uende Kaagya, mke wangu yuko hivi?"

"Nikikaa hapa nitafanya nini, shemeji? Nimshike mkono? Mshike wewe."

Alikodi gari dogo. Anasema njia nzima hakuona chochote, alikuwa anaona kitanda cha Annastella tu. Mdogo wake alimfuata nyuma tangu wakiwa watoto, hata kisimani, hata chooni, na Dativa alikuwa anamfukuza. Sasa akawa anajuta kila mara aliyowahi kumfukuza.

Kaagya nyumba ya Rutaihwa ilipatikana kwa kumuuliza mtu mmoja tu njiani. Dativa anasema alikaribia kucheka.

Mama mwenyewe alikuwa uani anaanua kahawa. Ma Jovita, mjane, mwembamba, rozari shingoni.

"Mwasibota, waitu," Dativa akamwamkia akiwa ameinama.

Na kwetu huanzi na shida yako. Ma Jovita akamketisha, akaingia ndani, akatoka na kikapu kidogo cha akamwani. Dativa akachukua punje za kahawa, akatafuna, huku anahesabu dakika. Ungekuwa wewe ungetema ukaanza kupiga kelele. Yeye alilelewa.

Alipomaliza akasema yote. Mdogo wake, damu, jina.

Ma Jovita akasikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, ningekuwa na mwingine ningekupa. Nilikuwa naye huyo huyo."

"Hana ndugu hata mmoja? Hata wa baba?"

"Baba yake naye alizaliwa peke yake. Wajomba zake wapo, lakini ni wazee, nani atawatoa damu?"

"Basi simu yake mama, anayo nani?"

"Simu ilikwenda naye ziwani."

Dativa akairudia ile namba kichwani, tarakimu kwa tarakimu.

Unajua laini ya simu ikipotea kwetu hapa inarudishwaje. Unakwenda kwa wakala, unaweka kidole kwenye kile kimashine, alama yako ikilingana ndipo unapewa namba yako. Mkeo hawezi kukurudishia. Mama yako hawezi. Ni kidole chako.

Laini iliyozama ziwani ilipokelewa leo asubuhi.

"Mama," Dativa akasema polepole, "naweza kuliona kaburi?"

Lilikuwa nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, saruji upande mmoja, msalaba wa mbao una jina. Ila kitu kimoja hakikuwa sawa. Kwenye udongo lilikuwa limechomoza chipukizi la mgomba, la kijani kabisa, na pembeni yake vilikuwepo visiki vya machipukizi mengine, vimekatwa kwa panga.

"Kila mvua ikinyesha linachipua," Ma Jovita akasema. "Nalikata, linarudi. Nimeomba misa, bado linarudi."

"Kaburi linachipuaje mgomba?"

Mama akaliinamia lile chipukizi. Kuku wakapita katikati yao.

"Hatukumpata," akasema mwishowe. "Mtumbwi ulipinduka, wakatafuta, wakachoka. Wazee wakasema mtu asipozikwa hatulii, na waliobaki hawatulii. Na sisi kwetu mwili usipopatikana, tunazika shina la mgomba badala yake. Tulilivalisha shuka, tukalilia, tukalizika. Walioling'oa walikuwa na haraka, walilichukua na tunguu lake, lile la mizizini."

Kwa hiyo chini pale hapakuwa na mtu.

Dativa anasema alisimama anaangalia lile jina kwenye msalaba, na kitu alichokiwaza ni mashine ya Muleba. Mtaa umewekewa alama, na hakuna aliyekwenda kupiga hodi.

"Na yeye, tangu hapo, hujawahi kumwona? Hata ndotoni?"

Ma Jovita akajifunga khanga upya.

"Alikuja mara moja. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Alisimama pale, kwenye migomba ile. Amekonda, ndevu, miguu peku. Akaniita. Marehemu mama yangu alitufundisha, mzimu ukija mrushie majivu umwambie arudi alikotoka. Nikachota jikoni, nikamrushia. Nikamwambia rudi, tulishakuzika, tunakuombea, rudi."

"Akafanya nini?"

"Akarudi."

"Majivu yalimpata?"

"Yalimpata usoni. Akakohoa, akageuka, aka..."

Ma Jovita akaishia hapo.

Alitazama kule kwenye migomba.

"Akakohoa," mama akarudia, kwa sauti ndogo sana.

Wakatazamana.

"Na simu yako, mama, iko wapi?"

"Niliitupa chooni. Iliita siku moja, nikaona jina lake." Machozi yalikuwa yameanza kumtoka bila yeye kujua. "Niliona jina lake, nikaitupa chooni."

Dativa akatoa simu yake, akapiga ile namba. Ikaita. Ikaita mpaka ikakata. Akaandika ujumbe mfupi: Mama yako anataka kuzungumza na wewe. Akapiga tena, akamwekea Ma Jovita sikioni.

Safari hii ilipokelewa. Kwa mbali zilisikika sauti za wapakuzi wa mizigo, na honi ya meli.

Ma Jovita akaishika simu kwa mikono miwili.

"Mwana wange," akasema kwa Kihaya. "Ni mimi. Ulikohoa."

Upande wa pili mtu mzima akaanza kulia.

Alikuwa Kemondo. Muda wote huo alikuwa Kemondo, bandarini, anabeba magunia, watu wanamwita Saburi.

Gari likakata upepo kurudi, Ma Jovita kiti cha nyuma na rozari, hajabadili hata nguo za kazi. Kutoka Kaagya unarudia Bukoba, na kutoka Bukoba kwenda Muleba Kemondo iko njiani, na Dativa mpaka leo husema Mungu ndiye aliyeipanga ile barabara.

Clavery alikuwa amesimama nje ya geti la bandari, vumbi la dagaa mabegani. Kijana mrefu aliyejikunja. Hakumtazama mama yake usoni, na mama yake hakuthubutu kumgusa.

"Mgonjwa ni nani yako?" akamuuliza Dativa.

"Mdogo wangu. Tumbo moja."

"Twende."

Ndani ya gari ndipo aliposimulia, huku anatazama nje. Mtumbwi ulipopinduka alishika jerikeni, akaokotwa na wavuvi wa upande wa Uganda. Aliumwa huko muda mrefu, hana simu, hana senti. Aliporudi, kitu cha kwanza alirudisha laini yake. Akampigia mama, ikakata, na toka hapo haikupatikana tena. Akaja kwa miguu.

"Niliona msalaba kabla sijamwona mama," akasema. "Nikasoma jina langu. Halafu nikarushiwa majivu."

"Ukaacha kabisa kujaribu?"

"Dada yangu, nilipiga simu, nikaja kwa miguu. Watu wote wanasema umekufa, na kaburi wanalo. Mwisho unachoka kubishana nao. Asubuhi yule sista aliponiulizia, nikampa jibu ambalo kila mtu anataka kulisikia."

Huko nyuma Ma Jovita alikuwa anaomba msamaha kwa Kihaya, neno moja, tena na tena.

Pale mapokezi ya hospitali palikuwa na kijana mmoja na kompyuta yake. Akaandika jina, akasubiri, akatikisa kichwa.

"Samahani kaka. Mfumo unasema hupo."

"Nimeshazoea," Clavery akasema, akakunja mkono wa shati.

Wakampima. O hasi. Vipimo vingine vyote vikawa safi. Immakulata ndiye aliyemtoa damu, na kabla ya kumchoma sindano alimshika mkono muda mrefu kuliko inavyohitajika. Anasema alitaka kuhakikisha kama una joto.

Annastella aliingizwa chumba cha upasuaji akiwa mweupe midomo. Chupa ya kwanza ikaisha. Ya pili, ya marehemu, ikaingia. Mwesiga na Dativa walikaa kwenye benchi mpaka wakasikia mtoto analia. Baadaye sana daktari akatoka amevua kofia, akasema mama yake naye yupo.

Dativa alilia mpaka Mwesiga akaanza kumbembeleza yeye.

Kaagya mambo hayakuwa mepesi. Wazee wa ukoo walikaa, wakasema mtu aliyezikwa haingii kwa mlango wa mbele, lazima kwanza kaburi lifunguliwe. Wakachimba. Wakalitoa lile shina, limeoza upande mmoja, upande mwingine lina mizizi mibichi.

Clavery akaingizwa kwa mlango wa jikoni. Pale pale alipochota majivu, Ma Jovita alikuwa anasubiri na beseni la maji. Alimnawisha uso mwanawe mbele ya watu wote, taratibu, kama anayemwogesha mtoto mchanga. Waliokuwepo wanasema hata wazee wenye roho ngumu waligeukia ukutani.

Ungedhani nimemaliza. Hata mimi jikoni nilidhani amemaliza, nikaanza kuosha kisu.

"Bado jina la pili," Dativa akasema.

Nilikuwa nimelisahau. Lile alilolifunika kwa kiganja.

Anasema Josia aliendelea kumsumbua amalize ile kazi. Basi akarudi Muleba, akamwandikisha Clavery upya kwa mkono wake. Kisha, kabla ya kuifuta ile alama ya uongo na kuijenga faharasa upya, akauliza swali lake mara ya mwisho: O hasi, jina na simu.

Clavery Rutaihwa, sasa akatokea mara mbili, wa zamani na wa sasa.

Chini yake: Kahangwa, na namba yake.

Mzee Kahangwa. Baba yao. Ile O hasi ya Annastella ilitoka kwake, na alikuwa mchangiaji mzuri mpaka alipougua. Namjua vizuri, nilimsaidia kupanda ile migomba iliyopakana na yangu. Siku ile Dativa alipofuta majina ya waliokufa, la baba yake lilikuwemo. Alilifuta amefumba macho, akakimbilia nje kulia, umeme ukakatika nyuma yake, na aliporudi hakukagua kitu. Ndiyo maana makosa yote yale yalikaa mwaka mzima bila kuonekana.

"Lakini mzee Kahangwa tulimwona," nikamwambia. "Wewe ndiye uliyemfumba macho."

"Najua."

"Sasa?"

"Na Ma Jovita naye alijua."

Nikaweka kisu chini.

Dativa alikuwa amekaa mbele ya lile jina, ofisi nzima imekwenda kula. Akili yake ilimwambia hii ni faharasa, mama wa njia panda anataja mtu ambaye nyumba yake imeshabomolewa. Akili yake ilijua kila kitu. Akachukua simu, akapiga namba ya baba yake.

Aliniambia hilo bila kunitazama. Aliendelea kumenya ndizi, na maganda yalikuwa yanatoka mazito, na nyama yake.

"Ikaita?" nikauliza.

"Haikuita. Yule dada wa mtandao akasema namba haipatikani. Nikamsikiliza mpaka mwisho, Kiswahili na Kiingereza."

Ndipo alipobonyeza kile kitufe. Mashine ikapita nyumba kwa nyumba. Akauliza tena, na akabaki Clavery mmoja tu, aliye hai.

"Uliumia?" nikamuuliza.

"Niliumia. Lakini sasa nimepiga hodi, na najua hayupo. Mwanzoni nilikuwa nimeambiwa tu."

Wewe unayesoma, sina mengi ya kukufundisha. Kuna mtu ulishamzika moyoni kwa maneno ya watu. Umeshamfuta kwenye simu, umeshamwekea alama kwamba kwake hakuna kilichobadilika. Nenda kwake ukapige hodi wewe mwenyewe. Ukikuta kweli amekwenda, lia, urudi nyumbani. Ila ukimsikia anakohoa, weka chini hayo majivu.

Chipukizi la Kaagya halikukatwa tena. Ma Jovita alilihamishia mbele ya mlango, na juzi Clavery alileta mkungu wake wa kwanza hapa Hamugembe, kwa Annastella na mtoto. Ndizi tulizokuwa tunamenya siku ile zilikuwa hizo.

Nilipoambiwa zilikotoka, nilikuwa nimeshakula sahani mbili.